Upande wa Pili wa Gazeti

Jumatatu, 5 Mei 1958. Ruiru

Baada ya chai nimepiga pasi magazeti matatu. Moja lilifungiwa sukari, mawili chumvi. Ya chumvi husumbua. Hunyonya unyevu, na yakipata moto mkali hukauka kama ngozi. Dawa yake ni kitambaa kikavu juu, makaa machache, mkono mwepesi.

Miaka sita nafanya hivi. Bwana Ramji wa Thika hufungia bidhaa zake kwa magazeti ya zamani ya Bombay na London. Kila Jumamosi, nikipata kibali cha kutoka, naendesha baiskeli hadi Thika kununua sukari iliyojaa tele hapa Ruiru. Juzi aliniuliza, "Mwalimu, wewe nanunua sukari ama nanunua gazeti?" Nilicheka tu.

Hivi ndivyo ninavyosoma siasa ya dunia. Habari hunifikia zimezeeka miezi minne, hazina mwanzo au hazina mwisho. Vita vya Mfereji wa Suez nilivijua kuanzia siku vilipokoma, nikarudi nyuma kipande kwa kipande hadi siku vilipoanza. Si njia mbaya. Ukijua mwisho kwanza, waongo unawatambua mapema.

Mtihani wa ramani, darasa la saba: ovyo.

Alhamisi, 8 Mei

Githinji alikuja shuleni saa kumi. Nilimfundisha hapa hapa miaka minne, dawati la tatu karibu na dirisha. Shahada ya kwanza aliichukua Kampala. Sasa anafundisha Thika, shule iliyo karibu na viwanda. Ana miaka ishirini na saba.

Amepata nafasi India. Shahada ya pili, siasa ya mataifa, miaka miwili, gharama juu ya serikali ya huko.

Nilimpa mkono. Nilisema yote yanayosemwa.

Shahada ya kwanza humfundisha mtu mambo ambayo wengine wamekwisha kuyajua. Ya pili ni kitu kingine. Unapewa mkataba mmoja kati ya mataifa, ukae nao mwaka mzima, uulize nani aliutaka, nani alilazimishwa, nani hakuitwa mezani. Najua kwa sababu niliwahi kukubaliwa. Barua iko ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda. Uingereza, mwaka 1952. Kisha ikaja Hali ya Hatari, na sisi Wakikuyu hatukuweza hata kufika Thika bila karatasi, sembuse Uingereza. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano. Sasa nina hamsini na mmoja.

Naandika haya kwa Kiswahili. Rahabu, mke wangu, husoma Kikuyu tu. Ni afadhali.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda Thika. Harufu ya mananasi kiwandani ilinipokea kabla ya daraja. Nilimpitia Githinji chumbani kwake nimuulize lililokuwa likinikera: nafasi hii aliijuaje?

"Si ni wewe uliyenipa, Mwalimu!"

Akatoa gazeti. Ni langu. Pembeni lina alama ya kuungua, umbo la ncha ya pasi yangu. Nilimpa mwaka jana asome habari ya Suez. Akaligeuza. Upande wa pili, kati ya matangazo ya sabuni na ya nguo za harusi, lipo tangazo la nafasi za masomo kwa Waafrika.

Lile gazeti lilikaa kwangu wiki tatu. Nililinyoosha, nikalisoma, nikaandika maelezo daftarini. Upande mmoja. Sabuni zinanihusu nini?

Nimelisoma tangazo mara nne, nimesimama, kofia bado kichwani. Wanataka shahada, wanataka barua mbili. Hakuna mahali wanapotaja umri.

Nilirudi Ruiru bila sukari. Rahabu aliuliza, "Baba Njeri, leo umekwenda Thika kutazama nini?" Nilipitiliza na baiskeli hadi uani. Si kosa lake.

Namwonea wivu kijana huyu. Nimeliandika sasa. Halikupungua kwa kuandikwa.

Jumanne, 27 Mei

Inabaki barua moja: ya mwalimu aliyemfundisha tangu utotoni, kuhusu tabia yake. Yaani mimi. Lazima ifike ofisi ya serikali Thika kabla ya katikati ya Juni. Bila hiyo hapati karatasi za safari, na nafasi itakwenda kwa mwingine.

Kanisani kwetu kuna desturi. Barua ya sifa ya mtu anayesafiri husomwa mbele ya watu Jumapili, baada ya ibada, ili mwenye neno aseme. Huandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya ofisi, na aliyeiandika husimama akaisoma kwa Kikuyu kwa ajili ya watu. Kisha Mchungaji huichukua, huipitia, huipiga muhuri. Desturi nzuri. Nilikuwa miongoni mwa walioianzisha.

Githinji aliniomba tarehe nane. Leo ni siku ya kumi na tisa na sijaandika neno. Hakuna anayeninung'unikia. Wanasema Mwalimu hana haraka, Mwalimu anapima maneno. Miaka thelathini nimejulikana kwa subira. Sikujua kwamba mtu anaweza kujificha ndani yake.

Mama yake Githinji alileta nduma asubuhi. Ni mjane, anachuma kahawa kwenye shamba la Mzungu. Hakuuliza habari za barua. Aliweka kikapu, akasema, "Mwalimu, hizi ni laini, za mtoni," akaenda zake.

Zilikuwa laini kweli. Nilikula kwa hasira.

Jumamosi, 31 Mei

Nimeandika. Ukurasa mmoja. Ana bidii, ni mwaminifu, hanywi. Kisha mstari wa kumi na moja: "Hata hivyo, anapenda mno mambo ya siasa, na ulimi wake hutangulia busara yake."

Nieleze mstari huu unafanya kazi gani. Siku hizi neno hilo likiandikwa juu ya Mkikuyu na mzee anayeaminika, karatasi za safari hazitoki. Hakuna atakayemwita kumuuliza. Faili litafungwa tu. Wala hakuna atakayejua, maana kesho nitausoma kwa Kikuyu, na kwa Kikuyu naweza kuulainisha: "ni kijana anayependa kuuliza." Mchungaji akiona ule wa Kiingereza atadhani nimepima, kama kawaida yangu.

Na si uongo. Kijana anasema sana. Hapo ndipo ubaya ulipo. Kwa uongo ningeona aibu mapema.

Nimetia sahihi. Mwandiko mzuri.

Jumapili, 1 Juni

Sijui niandike vipi.

Kanisa lilijaa. Mama yake alikaa benchi la mbele upande wa wanawake, amevaa koti la Kampala la mwanawe, mikono ya koti imekunjwa mara mbili. Githinji alisimama nyuma na vijana. Nilifungua barua. Mistari kumi ya kwanza niliisoma vizuri.

Nilipofika wa kumi na moja niliuona, nikauruka. Sikuamua. Mdomo uliendelea peke yake. Nilisema kwamba alipokuwa na miaka kumi na miwili aliniuliza kwa nini mipaka ya Afrika imenyooka, nani aliyeshika rula. Nikamwambia nitakueleza ukikua. Amekua, sijamweleza, kwa hiyo aende akawaulize wengine. Nilisema mengine pia. Nilikuwa naitazama karatasi muda wote kana kwamba yameandikwa humo. Mahali fulani watu walicheka, sikujua kwa nini. Mwishoni waliitikia Amina, na wanawake wakapiga vigelegele, vitano, kama kwa mtoto wa kiume anapozaliwa.

Kisha Mchungaji akanyoosha mkono apewe barua.

Nikasema ina doa la wino, haifai kwenda ofisini, nitainakili. Akawageukia watu: "Mnamwona Mwalimu wetu? Hata mbinguni ataomba kitabu cha uzima akinakili upya, mwandiko si mzuri!" Kanisa zima likacheka. Barua iliingia mfukoni.

Githinji alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Sikumtazama.

Jumatatu, 2 Juni

Barua ya Jumamosi nimeiweka ndani ya pasi, juu ya makaa. Nikafunga kifuniko. Moshi kidogo, basi. Nikanyooshea gazeti.

Kisha nikakaa niandike ile niliyoisema. Sikuikumbuka. Kipande hapa, kipande pale. Mtu anayekumbuka tarehe za mikataba ya miaka mia moja, hakumbuki maneno yake ya jana. Nilichana karatasi tatu.

Saa kumi na moja mama yake Githinji alipita akitoka shambani, vidole vyeusi kwa utomvu wa kahawa. Alikuja kushukuru. Akaona karatasi sakafuni.

"Imekupotea?"

Nikakubali.

"Wewe andika. Mimi nitasema."

Hajui kusoma hata jina lake. Alikaa kwenye stuli karibu na mlango, akafumba macho, akaisema yote kwa Kikuyu tangu salamu. Hakurudi nyuma mara moja. Mimi nilifuata kwa Kiingereza, nikimwomba apunguze mwendo, kama mwanafunzi wa imla. Alisema rula. Alisema mipaka. Kisha akainua kidole.

"Hapo watu walicheka. Ulisema: 'Nafasi hii niliitaka mimi. Kama si yeye, singemwachia mtu.'"

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Walidhani ni utani." Akafumbua macho. "Mimi sikucheka, Mwalimu."

Kalamu ilisimama. Rahabu alikuwa uani na kuku, nashukuru. Mama huyu hakunitazama kwa lawama. Wala kwa huruma, ambayo ningeichukia zaidi. Alinitazama kama mtu anayengoja zamu yake kwenye mizani ya kahawa.

"Andika," alisema.

Nikaandika. Akataka nimsomee tena kwa Kikuyu, yote, aone kama tumeacha kitu. Hatukuacha. Akasimama, akapangusa kiti alichokalia kwa ncha ya kanga, akaenda kupika.

Jumamosi, 7 Juni

Mchungaji amepiga muhuri. Aliposoma mstari ule wa nafasi niliyoitaka mimi aliinua kichwa, akanitazama kitambo. Hakusema mzaha wowote.

Nimeipeleka Thika mwenyewe kwa baiskeli. Karani ameipokea. Sukari nimenunua.

Jumatano, 9 Julai

Githinji ameondoka. Nilimsindikiza stesheni ya Ruiru. Treni hadi Nairobi, Mombasa, kisha meli ya Bombay. Watu wengi, nyimbo, maombi marefu mno. Mama yake hakulia. Alimkagua vifungo vya koti kimoja kimoja.

Nilikusudia kumpa madaftari yangu ya magazeti. Kumi na manne, miaka sita, nimeyapanga kwa nchi na kwa mwaka. Yangemfaa sana. Nilifika nayo stesheni ndani ya mfuko. Nikarudi nayo nyumbani ndani ya mfuko.

Barua niliweza. Madaftari sikuweza.

Jumamosi, 27 Septemba

Mvua ndogo tangu asubuhi. Barua ya kwanza ya Githinji imefika. Anaishi chumba kimoja na kijana wa Tanganyika. Pilipili imemshinda. Maktaba ina magazeti ya jana. Ya jana! Nilisimama hapo, nikatembea hadi kwenye mparachichi, nikarudi.

Ameniandikia swali la insha yake ya kwanza: nchi ndogo ikikataa kuchagua upande kati ya mataifa makubwa, nani anafaidika? Amejibu kurasa ishirini. Mwalimu wake amemrudishia, ameandika kwamba anaeleza kupita kiasi. "Nimejua nilikoitoa tabia hiyo," anasema. Nilifurahi kwamba amepata alama ndogo. Furaha mbaya, lakini niiandike. Kisha nikacheka kwa sauti hadi Rahabu akauliza kuna nini. Nikamwambia Githinji anaeleza sana. Akasema, "Ngai! Na wewe ndiye unayemcheka?"

Baada ya chai nilifungua madaftari ya India, Misri na Yugoslavia. Nikalijibu swali lile. Kurasa tisa. Nadhani jibu liko kwenye mizigo: anayekataa upande hubaki na bandari mbili badala ya moja, ila lazima awe na kitu cha kuuza kinachotakiwa kote kuwili. Kisha nikaliona tundu katika hoja yangu, nikaanza ukurasa wa kumi. Nimepata saa tatu ambazo sikumfikiria mtu yeyote.

Nitamtumia. Nitamwambia anionyeshe palipokosewa, maana sasa yeye ana vitabu. Na nimetenga madaftari mawili, la Misri na la India, Jumatatu nitayapeleka posta. Kumi na mawili yanabaki.

Wivu upo. Umekaa kama mgeni aliyezoea nyumba.

Sukari ya leo ilifungiwa gazeti la Mei. Nimelinyoosha polepole, nikasoma habari za Lebanoni, nikaligeuza. Sabuni. Mtu anauza piano. Shule ya upishi wa wasichana. Daktari wa macho. Nimesoma yote hadi anwani ya mwisho.