Spès Anasuka Nusu Kwanza

Yaya Marie-Louise, dada yangu mpendwa,

Huku Durban mvua haikatiki, lakini nimepata sombe tamu, majani ya muhogo kama ya kwetu, nikakukumbuka.

Acha nikusifie Spès, Mrundi tunayesuka naye saluni. Mteja akishasukwa nusu ya kichwa, hapo ndipo Spès anapomuuliza: "Dada, unajua iko vidonge vya kuzuia ukimwi? Bwana yako amepima?" Eish! Wengine wanakasirika, lakini watatokaje barabarani na nusu?

Zamani alifanya kazi za nyumbani kule Berea. Madamu wake, mzungu, alipewa vidonge hivyo na daktari bila hata kuviomba. Spès alipoviomba kliniki, aliulizwa makaratasi, kisha akaambiwa arudi akiugua. Alirudi akiwa mzima, tena na tena, mpaka wakampa. Tangu siku hiyo hanyamazi. Nampenda kwa hilo.

Mimi nilikalia kiti chake nimeshachelewa. Vidonge vyangu ni vya kutibu. Nameza kila jioni, nimenenepa, usilie.

Desemba ukija, nitakusuka mwenyewe. Nikifika nusu, nitakuuliza juu ya shemeji na safari zake.

Mdogo wako anayekuwaza,
Laetitia