Nyota Iliyoungua kwenye Filamu

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Sijui huko mnaitikiaje, ila nikianza bila salamu ungeniuliza nina haraka ya kwenda wapi.

Habari za nyumbani kwanza. Mama Salome, mkeo, hajambo, magoti tu yanamsumbua na baridi hii ya Julai. Mahindi ya shambani kwenu Pito yametoka vizuri. Duka langu la picha la Katandala bado lipo, japo sasa kila mtu anataka kamera ya dijitali na sisi wa filamu tunaonekana watu wa zamani. Unaona mambo? Mimi, wa zamani!

Kilichonikalisha kuandika ni daftari lako. Miaka yote uliyofundisha fizikia, na hata ulipostaafu, giza likiingia ulitoka uani kuitafuta nyota yako nyekundu, ile inayofifia na kuwaka tena baada ya miezi. Uliilinganisha na nyota jirani zisizobadilika, ukaandika namba ya mwanga wake. Watu walidhani unapiga ramli ya mvua. Mimi ulinifundisha nikiwa kidato cha nne, nikabishana nawe kila jioni, na hukunifukuza hata mara moja. Asante kwa hilo. Wengine walinifukuza.

Halafu nikanunua ile kompyuta ya mtumba kule Tunduma, na padri rafiki yako akatuletea sidii yenye programu ya kupima mwanga wa nyota kwenye picha. Kazi yenyewe nyepesi: unaingiza picha za nyota nilizopiga kwa filamu na kuziskani, unabofya nyota yako, unabofya nyota ya kulinganishia, namba inatoka. Ya kulinganishia nikabofya ile iliyong'aa kuliko zote, kwa sababu ndiyo niliyoiona upesi. Namba zikakataa kukubaliana na daftari. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikakuambia mbele ya Mama: "Mwalimu, macho yamezeeka. Mashine haina sababu ya kudanganya."

Ulikuwa tayari unaumwa. Ukasema, "Huenda." Ukaichukua karatasi yenye namba zangu, ukafunga daftari, ukaniuliza kama nimekula. Miezi mitatu baadaye tukakuzika.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita nilipiga picha za harusi huko Mollo, jua la saa sita. Nilipozisafisha, gauni la bibi harusi lilikuwa jeupe tupu, lesi haionekani hata uzi. Mama mtu akanijia juu dukani: lesi imeshonwa wiki mbili, nimeipeleka wapi? Nikaanza kumweleza kwamba mwanga ukizidi filamu inaungua, inajaa, haiwezi tena kuonyesha kipi kimezidi kipi. Nikaacha maneno katikati, nikaanza kuzitafuta zile picha za nyota. Yule mama akadhani nimeumwa ghafla.

Mwalimu, ndicho nilichokufanyia. Ile nyota kubwa ilikuwa imeungua kwenye filamu kama lile gauni. Programu haikuweza kujua inang'aa kiasi gani hasa, ikaihesabu pungufu, na nyota yako ikaonekana kuwaka kuliko ilivyokuwa. Mashine haikudanganya. Ilijibu swali baya nililoiuliza mimi.

Nikarudia picha zote, safari hii kwa nyota za wastani. Namba zikakubaliana na zako, zile nilizonakili zamani kutoka kwenye daftari, moja baada ya nyingine, tofauti ndogo sana. Nililia pale dukani. Mteja akauliza kuna nini, nikasingizia dawa ya kusafishia picha.

Furaha yenyewe ilinichoma. Nilidhani umekufa ukiamini macho yako yalikuongopea, na aliyekuaminisha ni mimi. Nikaenda Pito kumwomba Mama msamaha. Alinipa daftari lile lile, akaniambia nisome hadi mwisho, maana tangu msiba sikuthubutu kulifungua.

Hukuacha. Kurasa za mwisho mwandiko umelala upande, lakini kila jioni isiyo na mawingu ipo. Na kwenye zile kurasa za zamani, kando ya namba zako, umenakili zangu. Zile mbovu. Kwa mwandiko safi, bila kukata hata moja, wala kufuta zako. Chini ya ukurasa wa mwisho kabisa umeandika: "Tofauti ipo. Sababu sijaijua. Editha ataipata."

Sijawahi kupewa kitu kikubwa kama hicho.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nakuahidi daftari lote nitalichapa, jina lako kwenye safu ya mtazamaji, nilitume kwa wanaokusanya habari za nyota hizi. Na kila jioni nitatazama kwa macho kwanza, niandike, ndipo niwashe kompyuta. Jana nimeanza. Kabla ya hapo nilichukua kalamu, na chini ya maneno yako nikaandika: "Ameipata."

Mwanafunzi wako,
Editha