Namba za Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Tumerudi kutoka kliniki ya ini. Na simu mpya! Si ya kupigia watu porojo — ya kumchunga mume wangu. Kila asubuhi aguse namba zilizotapakaa kwenye kioo, moja mpaka ishirini na tano, kwa kufuatana. Muda anaotumia unakwenda wenyewe kwa nesi wa wadi. Nesi alitueleza taratibu: ini likichoka halisafishi damu, sumu inapanda kichwani, mtu anaanza kuchanganyikiwa kabla hata wa nyumbani hawajashtuka. Namba zinawahi kusema. Zamani angelazwa ili aangaliwe tu. Sasa hospitali imehamia mezani kwetu. Nimefurahi mno. Yeye kanuna. Eti si mtoto wa chekechea.

Jumatano, 5 Machi

Yuko kwenye cherehani, koti la mwalimu mkuu, pini mdomoni. Kanisukumia simu. Nifanyie wewe, mama watoto, una vidole vyepesi. Nikafanya — chapchap! Mchezo wenyewe mtamu, jamani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya tena leo. Na jana. Na juzi. Kila siku najishinda mwenyewe! Anacheka, ananiita bingwa. Hajacheka hivi tangu alipolazwa mwaka jana, mgonjwa wa kitanda cha pili akakata roho huku yeye anatazama. Tangu hapo ukitaja wadi, chakula hakimpiti kooni. Basi acha acheke.

Jumanne, 11 Machi

Nesi kapiga. Matokeo mazuri ajabu, hongereni! Mzee wangu alikuwa akilalamika ile dawa tamu ya maji, ya kutoa sumu tumboni, inamkimbiza chooni, basi daktari kaipunguza kwa nusu. Mzee kapiga makofi. Mimi nimeduwaa na simu sikioni. Matokeo mazuri — ya nani? Nilitaka kusema. Nikasema asante.

Alhamisi, 13 Machi

Usiku macho makavu, mchana anasinzia juu ya cherehani. Nimemuuliza, chai au uji? Kajibu ndiyo.

Asubuhi nimemwambia ashike simu mwenyewe. Kakasirika, kaenda zake kuoga. Nikafanya mimi. Mjinga mimi!

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu mkuu kaja kuchukua koti. Kalivaa. Mikono yote miwili ni ya kushoto! Mtu ambaye maisha yake yote hajakosea hata tundu la kifungo. Mwalimu kadhani utani. Mume wangu kaligeuza koti, kaligeuza tena, halafu kasema ndiyo fasheni. Tukacheka wote watatu. Nikaingia jikoni nikalia mpaka sufuria ikaungua.

Ni vidole vyangu hivi. Nimewaambia hospitali mume wangu mzima, na wao wameniamini.

Jioni nimemwambia, twende tukaonwe. Kawa mkali. Kwani namba zimesemaje? Namba zimesema niko sawa! Naogopa. Naogopa kweli kweli.

Jumamosi, 15 Machi

Kaamka, kavaa shati juu ya shati. Sijangoja chai. Nimempigia nesi, nimemwaga yote bila kupumua, nisije nikaghairi. Nikajikaza nitukanwe. Hakunitukana. Kasema gari la wagonjwa linatoka sasa hivi, nisimwache peke yake. Na wakati mnangoja, mpe simu afanye mwenyewe, daktari aone hali yake halisi. Usimsaidie, mama. Hata kidogo.

Kakaa mezani. Kaisogeza simu kwangu kama kawaida. Njoo bingwa. Nikamwambia leo zamu yako, baba. Hakubisha — hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Yeye asibishe!

Kagusa moja. Vizuri.

Sasa anatafuta mbili. Iko pale pale, karibu na kidole gumba chake, naiona kutoka huku. Naandika ili mikono yangu iwe na kazi. Kidole kinapanda, kinazunguka, kinarudi. Mikono ile ile inayotunga uzi kwenye sindano bila kutazama.

Kagusa kumi na tisa. Simu imelia tit. Ananitazama, anatabasamu, ananiuliza kwa adabu kabisa, kama anaongea na mteja: samahani, tulikuwa tunatafuta nini?

Mbili, mume wangu. Mbili.

Honi ya gari la wagonjwa inalia nje. Bado anaitafuta.