Kigari Kimelala Sebuleni

Jumapili, 3 Machi

Mume wangu,

Salamu nyingi. Vipi goti lako, vipi kuku, vipi nyumba? Mimi nimefika salama kwa binti yetu. Yeye na mumewe hawajambo, wanakusalimu. Daktari ameshaniona. Nitapasuliwa nyonga wiki ijayo, na baada ya miezi miwili nitarudi nyumbani natembea bila kuchechemea.

Nakuandikia kwa kuwa simu na masikio yako havipikiki chungu kimoja. Juzi nimepiga kelele mpaka jirani wa huku akachungulia dirishani.

Sasa, kigari changu cha umeme. Klabu ya gofu ilipokiuza nikakinunua, ulinicheka, lakini ndicho kinachopeleka miche yangu ya maua kwa wateja, na tangu nyonga ianze ndicho miguu yangu. Kwa hiyo, mwenzangu, fuata haya. Kwanza kichajiwe mpaka kijae. Kisha fungua vifuniko vya betri, na maji yakiwa yamepungua ongeza maji ya betri, si ya bomba. Halafu chomoa waya mweusi. Kila mwezi urudishe, uchaji tena, maana betri ikilala na njaa haiamki. Kikae mahali pakavu, pasipo panya.

Na usikiendeshe. Ukuta wa jirani bado unakukumbuka.

Mkeo,
Mama wa wanao


Alhamisi, 21 Machi

Mama wa wanangu,

Nimepokea barua yako, nashukuru. Goti lipo, linanipa habari za mvua kabla ya redio. Kuku wazima. Nyumba ndiyo imepooza. Kumbe kelele zako za asubuhi ndizo zilikuwa zinanipa hamu ya chai.

Kigari nimekichaji, maji nimeongeza, waya nimechomoa. Kiko nyuma ya jiko chini ya turubai, kimefungwa kamba kama mzigo wa safari. Sijakiendesha. Nilikaa tu kwenye kiti nikashika usukani, na hilo hukulikataza.

Umepasuliwa? Niambie vizuri, usinifupishie. Nikilala nageuka, nikigeuka naamka.

Mumeo,
Baba watoto


Jumatatu, 29 Aprili

Baba watoto,

Hujambo? Huku hatujambo. Nilipasuliwa, na nyonga yenyewe daktari anaisifu. Anasema tu nisiwe na haraka, bado kidogo. Binti yetu ananidekeza, hata sufuria haniachii nishike.

Umekumbuka kukichaji? Turubai si mahali, baba. Upepo ukilifungua, mvua itaingia kwenye nyaya. Kitafutie mahali pa maana.

Usiniulize sana habari za miguu. Kawia ufike.

Mkeo


Jumapili, 2 Juni

Mke wangu,

Salamu. Ulisema nitafute mahali pa maana. Turubai kweli lilipasuka, na panya wametafuna kiti cha abiria mpaka sponji ikatoka. Stoo inavuja. Nikazunguka nyumba nzima nikaona mahali pakavu, pasipo panya, ni pamoja tu: sebuleni.

Kikwazo kilikuwa zile ngazi tatu za mlangoni. Lakini mimi ni fundi mwashi, mama. Nimejenga nyumba za watu maisha yangu yote, ngazi tatu zinishinde? Nimezibomoa, nikamwaga zege, sasa kuna mteremko laini mpaka barazani. Mlango ulikuwa mwembamba, nikang'oa fremu, nikapanua, nikaweka milango miwili. Vijana wawili walikisukuma kikaingia bila kugusa popote. Makochi nimeyapeleka chumba cha wageni.

Miezi miwili imepita. Hiyo "bado kidogo" yako ina mwisho? Au umenogewa na kudekezwa? Sema kweli, mimi ni mtu mzima.

Mumeo


Ijumaa, 14 Juni

We mzee!

Salamu baadaye. Sebule yangu! Nimekuachia nyumba, wewe umeifanya gereji. Unachajia humo ndani madirisha yamefungwa? Betri zikichajiwa zinatoa gesi, utalipuka na sigara yako hiyo. Fungua madirisha yote, na sigara nje.

Ngazi zile nilizipaka rangi kwa mkono wangu. Nikirudi nisiukute huo mteremko. Umesikia?

Mkeo, mwenye sebule


Jumanne, 25 Juni

Mwenye sebule,

Nimesikia, ingawa masikio ni mabovu. Madirisha yako wazi, mbu wananila, sigara navutia bandani na kuku wanakohoa.

Kubomoa ni kazi ya siku moja. Nyundo kubwa nimeshaiegemeza mlangoni. Nipe tarehe tu. Ukinitajia siku ya kurudi, siku hiyo hiyo naanza kuvunja.

Mumeo


Jumamosi, 17 Agosti

Mke wangu,

Sijui uko katika hali gani. Barua yangu hukuijibu. Binti nikimpigia anasema, "Mama atakuandikia mwenyewe, baba," kisha simu inakatika.

Siku hizi jioni nakaa ndani ya kigari, humo sebuleni, natazama mlango. Natoka, narudi, nakaa tena. Wateja wako wananiuliza miche, nawajibu mwezi ujao, mpaka wamechoka kuuliza.

Nimekukumbuka mno, na ninaogopa. Kama umeamua kubaki huko, niambie. Kigari nitakiuza, nyundo nitairudisha stoo, nami nitazoea. Kinachoniua ni kungoja bila kujua ninangoja nini.

Mumeo


Jumatano, 4 Septemba

Mume wangu,

Nisamehe. Binti hana kosa, nilimwapisha mimi.

Nyonga ilipona, lakini mguu haukuamka. Wala ule mwingine hauna nguvu ya kunibeba. Tangu Aprili niko kwenye kiti cha magurudumu. Daktari amesema ndivyo itakavyokuwa. Nilikuwa nikilala nazihesabu zile ngazi tatu, na kukuona wewe na goti lako ukinibeba kama gunia la saruji, asubuhi na jioni, mpaka siku goti likatike. Nikasema bora nibaki huku nikuandikie habari za betri.

Barua yako ya mteremko niliisoma nikakutukana, nikalia, nikaisoma tena. Kuijibu ile ya nyundo kulinishinda, maana ningekutajia tarehe ungebomoa.

Juzi binti amenisukuma kwenye mteremko wa zahanati. Nimepanda mwenyewe nusu yake, kwa mikono yangu.

Usibomoe. Nyundo irudishe stoo. Pima huo mlango wako, kiti changu ni kipana kidogo, kama mwenyewe. Makochi yaache huko huko, nani anayataka.

Nafika stendi Jumamosi tarehe 21, mchana. Rudisha waya mweusi, kichajiwe mpaka kijae, na kiti kilichotafunwa kitandikie kanga. Kiti cha magurudumu tutakifunga nyuma, palipokuwa pakikaa miche.

Utaendesha wewe. Polepole, baba, na upande ule usio na ukuta wa jirani.

Mkeo,
Mama wa wanao