Kizibo Ambacho Hakijafika

Mama Vumilia, mshauri wetu, shikamoo. Naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, maana hapa Gare hakuna kijana anayeziba mfereji wa bustani kama mimi, nikishindilia gome la mgomba na udongo hata tone halipenyi, na shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, bado tunabishana.

Mama yangu, Efrazia, ana ugonjwa wa viungo, ule ambao kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe kama mbwa anayemng'ata aliyemfuga, vidole vinavimba, njegere hamenyi tena. Basi mwezi wa tatu nilimwongoza mgeni kule juu ya jabali la Irente, dada mmoja anaitwa Happiness, mzaliwa wa Tanga anayesoma ng'ambo, ukungu umefunika bonde lote kama maziwa, tukakaa tukingoja ufunguke, akaniambia kazi yake ni kuchora protini kwenye kompyuta, vipande vidogo kuliko vumbi, visivyowahi kuwamo katika mwili wa mtu yeyote. Alisema chembe za mwili hupigiana mbiu, moja inaita, nyingine inasikia, ndipo uvimbe unawaka, na kipande chake kinakaa barabara penye sikio la ile inayosikia, mbiu inalia wee, haisikiki. Nikamwambia, "Dada, hiyo si kuziba mfereji tu?" Akacheka, "Ndiyo hiyo. Unataka kazi?" Tangu siku hiyo naota niko ndani ya mkono wa mama, mdogo kama mchanga, nabeba vizibo, na maji mekundu yananyamaza nyuma yangu.

Nilimsimulia mama yote isipokuwa moja, kwamba Happiness alisema dawa bado iko maabara, haijafika kwa wagonjwa, na huenda miaka mingi ikapita. Mimi nilisema inakuja kabla ya mavuno ya viazi, nikaongeza kwamba nimesaidia kuichora. Mama naye akaanza kuota, asubuhi ananiambia vidole vyake vilifunguka kimoja kimoja, akamenya njegere hadi zikajaa bonde.

Juzi nimekuta vidonge vyake vya kliniki kwenye kopo, vya wiki tano, havijaguswa. Nikamuuliza. Akasema, "Mwanangu, si wewe unayesema kila siku? Kizibo kipya hakikai juu ya cha zamani. Nimesafisha njia." Mkono umevimba hata kikombe hashiki, naye anatabasamu. Nikisema kweli namvunjia ndoto, na kwaya nzima ya kanisani kwetu nimeshaitambia. Nifanyeje?

Ni mimi, Shukrani wa Gare

*

Marahaba, Shukrani. Ulimi wako una mbio, lakini ukweli umeuacha Irente, umekaa kwenye jiwe unangoja ukungu. Umeniandikia, kwa hiyo hujaharibika kabisa. Ila mama yako anaumia kwa neno lako, na analiamini kwa sababu ni lako.

Mwambie leo, kabla hujanawa udongo wa shamba. Usizunguke. Sema, "Mama, dawa ile bado inatafutwa, mimi nilikudanganya." Kesho mpeleke kliniki na kopo hilo hilo mkononi. Daktari ndiye atakayesema aanze tena vipi, wewe usije ukampa vya wiki tano kwa mkupuo ili kufidia. Umuulize pia kuhusu sindano za kuzuia mbiu hiyo, maana zipo zinazotumika tayari, ingawa si kila hospitali inazo. Kwaya itakucheka Jumapili mbili. Utapona.

Halafu unajua mifereji kuliko mimi, lakini mimi nimekulia Shume, nako bustani hunyweshwa kwa mifereji. Ni kweli cha zamani hung'olewa kwanza. Hung'olewa kipya kikiwa mkononi, mwanangu, si kikiwa bado mgomba ng'ambo ya mto.

Ndoto yake usimnyang'anye, mwambie tu kwamba bado ni changa. Mkitoka kliniki, chukua ungo, keti karibu naye umenye njegere wewe. Yeye akusimulie zilivyojaa bonde, na safari hii usiongeze neno.