Vidonge Mfukoni mwa Koti

Baba Faidha,

Ukirudi shambani, kisamvu kimo kwenye sufuria, ugali songa mwenyewe. Mbuzi hajanyweshwa. Simu umeisahau hapa mezani, ndiyo maana naandika.

Nampeleka Faidha hospitali, Ndanda. Alfajiri kaamka anatetemeka, mwili unawaka moto. Nikatafuta vile vidonge vyake vya kuzuia fangasi nivibebe, nikavikuta mfukoni mwa koti lako, vya siku kumi nzima. Na kila asubuhi nikikuuliza, "Amekunywa?" unaitikia, "Amekunywa."

Nimempigia daktari. Anasema dawa za saratani zimeshusha kinga ya mtoto, anahofia fangasi wameshaingia kwenye damu.

Najua utasema vilikuwa vinamtapisha, na mdomo wake ulikuwa msafi, ugonjwa wenyewe hauonekani. Wewe! Mikorosho unaipulizia salfa ikiwa haina hata doa la ubwiri unga, nao ni fangasi vilevile. Juzi tu ulimcheka jirani yetu Mujibu: "Ukishauona unga kwenye maua, umechelewa." Kwa mkorosho unajua, kwa mwanao hujui?

~~Usije.~~ Njoo. Oga kwanza, hilo vumbi la salfa lisimfikie. Lete na kadi yake ya bima, iko chini ya godoro.

Gari linapiga honi. Faidha kalala hapa mkekani, ananiambia, "Mama, usimgombeze Baba. Alinihurumia."

Basi nimekugombeza kwenye karatasi, asisikie.

Mama Faidha