Kimya Chako Huko Ntoto

Furaha, mutoto wangu wa kwanza,

Mama mudogo wako ametuma habari toka Ntoto, ati siku hizi umetulia, haupigi tena muntu, unakaa tu pa kona ya nyumba. Majirani hapa Bihambwe wakaniambia nimushukuru Mungu. Mimi nilitafuta karatasi nikuandikie.

Unakumbuka vile tulikuwa tunatoka shamba, wewe na viazi mugongoni, kamba pa kipaji cha uso? Njia yote unaimba ule wimbo wako wa bila maneno. Tukifika, nakutua muzigo haraka, nasema mutoto amechoka. Hapo njo hasira inaanza: kichwa ku ukuta, meno ku mikono yako mwenyewe. Miaka yote sikuelewa. Ule uzito ulikuwa unakutuliza, na mimi nilikuwa nakunyang'anya.

Kisha nikakupeleka ku chumba cha maombi. Watu wa maombi walisema iko pepo ndani yako. Walikufunga mikono, na kamba niliwapa mimi, ile ya viazi. Ulilia siku mbili. Ya tatu ukanyamaza, wakapiga makofi: "Mama Furaha, pepo ametoka." Ulinyamaza mpaka mahindi yakakomaa. Haukuimba, haukuomba hata maji.

Risasi zilipokaribia, ukaanza tena kupiga ukuta. Nikakutuma Ntoto, nikifikiri kule kuna amani.

Ulipokwisha kwenda, nikakutana na muganga mumoja ku santre ya afya. Nilimuelezea yote. Akasema, "Mama, huyo iko na otisme, njo usonji, si pepo. Hasira yake njo mudomo wake." Akanifundisha: makelele yanakuchoma kama moto, nikupeleke kando, nisikushike kwa nguvu, nikuambie mbele kama kitu kitabadilika. Mambo madogo hivyo. Nilirudi nikilia njiani kama mufiwa.

Sasa wewe mama mudogo, unayemusomea barua hii, nakuuliza kwa heshima: umemufunga? Kama iko hivyo, mufungue leo. Siwezi kukuhukumu. Mimi njo nilianza.

Furaha, magari hayapiti, wanapigana katikati. Barua inatangulia na wachuuzi wa miguu. Mimi nitafuata nikipata muntu wa kuchunga wadogo wako. Siombi nikukute umetulia. Ukiniona, unipige. Nitasimama palepale, sitakushika mikono.

Mimi mama yako,
aliyekuzaa na kukukosea